Namna ya Kupigwa Picha Mpaka Maumivu Yaombe Radhi

Mgongo wa kuuma hupatikana bure, lakini usiupate ovyo. Ami yangu aliupata wake kwa heshima zote: mtungi wa maji wa lita 20, ngazi za mbao za nyumba ya ghorofa tatu pale Kuze, mkokoteni wa muuza maji umeshaondoka na kijana wa kupandisha haonekani. Akapanda nao mwenyewe, miaka 67 na kikoi chake, akafika salama. Kilichomponza si kuupandisha, ni kuutua. Aliinama pale mlangoni, kiuno kikalia ka!, naye akabaki vivyo hivyo kama mtu aliyeangusha shilingi, mpaka Bi Mkubwa alipotoka jikoni kumuuliza anatafuta nini.

Tangu siku hiyo ami amekuwa bingwa wa picha. Jioni nyingi nimekaa naye Mama Ngina, chini ya mibuyu, meli za makontena zikipita mbele yetu kuingia Kilindini, na haya niandikayo nimeyapata kwake, mengine kwa kuambiwa na mengine kwa kumtazama. Wewe ambaye kiuno kimekushika jana, soma polepole, na usiiname kuliokota gazeti likianguka.

Kwanza kabisa, usisubiri. Madaktari wana ushauri wao wa ajabu, kwamba maumivu mapya ya kiuno yasiyo na dalili ya hatari yapewe kama wiki sita kabla ya kufikiria picha, mtu awe anatembea, anafanya shughuli zake, anameza dawa ya kutuliza akihitaji, kwa sababu mengi hupoa yenyewe katika muda huo. Huo ni mtego. Ukisubiri wiki sita upo uwezekano mkubwa ukapona, na mtu aliyepona anakuja barazani na nini? Anakuja mikono mitupu, anaulizwa hali, anajibu "alhamdulillahi," mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Ami alisubiri siku mbili. Ya tatu alikuwa kwenye foleni.

Pili, mchague daktari. Daktari wa kukufaa ni yule asiyeinua macho kwenye karatasi: unasema "mgongo" naye ameshaandika "eksirei". Daktari wa kumkimbia utamjua kwa mikono yake. Atakulaza kitandani, akuinue mguu ukiwa umenyooka huku akitazama utapiga kelele ukifika wapi. Atakugonga goti kwa kinyundo cha mpira. Atakukwaruza wayo. Atakwambia utembee kwa visigino kutoka dirishani hadi mlangoni, kisha urudi kwa vidole, nawe utarudi kama bibi harusi aliyebanwa na viatu. Robo saa ikiisha anajua kama kuna mshipa wa fahamu uliobanwa, na kama upo ni upi, wala hajawasha mashine yoyote.

Ami aliangukia kwa mmoja wa namna hiyo, binti mdogo tu. Akamwambia: "Baba, ni misuli. Haya meza hizi, na uwe unatembea." Jioni ile ami alikuwa hatulii kwenye benchi. "Amesoma miaka yote hiyo aje aniambie mie nitembee. Kwani kwake nilikwenda kwa ndege?"

Tena binti yule aliuliza maswali ambayo ami aliyahesabu kuwa ni utovu wa adabu. Mkojo unakutoka bila kujua, au umegoma kutoka? Unahisi ganzi pale unapokalia tandiko la baiskeli? Mguu unalegea, unaburuta kandambili? Una homa za jioni, jasho la usiku, umekonda? Umewahi kuugua saratani? Umeanguka kutoka juu? Naiweka kejeli kando kwa aya mbili, maana hapa hapana mzaha. Mtu akijibu ndiyo kwa lile la mkojo, la ganzi au la mguu kulegea, aende hospitali leo, si kesho, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyobanwa chini kule ikicheleweshwa huenda isirudi tena. Na homa ya jioni pamoja na kukonda, kwetu huku, humkumbusha daktari kwamba kifua kikuu hakikai kifuani peke yake. Hupenda pia kuingia kwenye pingili za mgongo na kuzila. Hao picha ni haki yao, na mara nyingi ndio wa mwisho kwenye foleni, nyuma ya watu wenye mitungi.

Kuna na mtoto mwenye selimundu, ugonjwa unaojulikana sana katika nyumba za Pwani hii, ambaye nyonga imeanza kumuuma na anachechemea. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimekosa damu na kimeanza kufa huku eksirei ikiwa bado safi kabisa. MRI hukiona mapema zaidi. Huyo ukimwambia arudi baada ya wiki sita umemdhulumu.

Haya, turudi kwa wenye mitungi.

Tatu, panda ngazi ya mashine kwa mpangilio, kama harusi inavyokwenda kwa hatua: posa, mahari, ndipo ndoa. Eksirei ni posa. Wilhelm Röntgen aliigundua miale yake Ujerumani tarehe 8 Novemba 1895, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshampiga mkewe picha ya mkono, mifupa na pete ya ndoa ikielea kidoleni. Mwaka 1901 akapewa tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa, na ugunduzi wenyewe hakuukatia hataza, aliuachia ulimwengu. Hapo ndipo matatizo yetu yalipoanzia: kitu cha bure huombwa na kila mtu. Eksirei ya kiuno inaonyesha mifupa vizuri. Misuli haionyeshi, diski zilizo katikati ya pingili haizionyeshi isipokuwa nafasi zake, mishipa ya fahamu ndiyo kabisa. Kwa hiyo mtu aliyeteguka misuli ataambiwa hana kitu, naye ataondoka amekasirika. Ami alikasirika mara mbili, katika vituo viwili tofauti.

Miale yake nayo si ya kutishana wala ya kuchezea. Eksirei moja ya kiuno ni kama milisiviati moja na nusu. Mwanadamu wa kawaida, kwa wastani wa dunia, hupokea kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na ndani ya chakula chake, bila kulipa hata senti. Kwale kuna kilima kinaitwa Mrima ambacho mawe yake yana thoriamu na hutoa miale kupita kawaida. Nilipomsimulia ami habari hiyo aliuliza kama ukienda kukaa kule utatoka na picha.

CT skani ni mahari. Hiyo ni eksirei iliyokwenda shule: inakuzunguka, inakukata vipande vipande kwa hesabu, kompyuta inavipanga upya. Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza, ndiye aliyeunda ile ya kwanza iliyompiga mgonjwa, London, Oktoba 1971, ikamtazama kichwani. Kwa mtu aliyeanguka na bodaboda na kuvunjika pingili, au aliyepigwa kichwa, ni neema. Kwa kiuno cha mtungi, ni miale mara kadhaa ya eksirei ili kupata jibu lile lile.

Na MRI ndiyo ndoa yenyewe. Haina miale, ina sumaku. Fedha yake ingemnunua mbuzi wa Idi pamoja na nduguye. Sumaku ya mashine ya kawaida ni ya tesla 1.5, zaidi ya mara 20,000 ya ile nguvu ya ardhi inayogeuza sindano ya dira, na imezungushiwa heliamu iliyopoa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Mombasa ya Februari, shati limeganda mgongoni, halafu kuna kitu chenye baridi kiasi hicho umbali wa shubiri moja kutoka mbavuni mwako. Sumaku yenyewe hailali. Hata mashine ikiwa kimya, hata usiku, inavuta.

Ndiyo maana mlangoni kuna kijana mwenye kikapu. Ami akavua saa, mkanda, funguo, simu, sarafu, na meno ya juu. Kijana akatazama mkono wa kulia juu ya kiwiko.

"Na hiyo, baba?"

"Hii ni hirizi. Nilifungwa na mamangu."

"Haiingii na chuma, baba."

"Hii ni aya, si chuma."

"Aya iko ndani, baba. Nje ni bati."

Wakatazamana. Mwishowe ami akaifungua mwenyewe, akanipa mimi niishike, si kikapuni, akaniambia nisiende nayo chooni. Nikakaa nje nusu saa nimeifumbata huku mashine ikigonga ndani kama mafundi wanaopigilia misumari jahazi lenye haraka ya kuwahi kaskazi. Wanawake waliokuwa wakingoja walikuwa wakichomoa pini kwenye mitandio, moja baada ya nyingine, na kuzihesabu.

Aliyeivumbua njia ya mkato ya kuruka ngazi hizi zote ni shangazi yangu, na simsifu. Aliumwa chini ya mbavu za kulia kila alipokula mahamri ya mafuta. Daktari akambonyeza, akampeleka altrasaundi, ile mashine nyenyekevu ya kupaka ute baridi tumboni, wakaviona vijiwe vya nyongo kabla hajamaliza kulalamika juu ya baridi. Akapangiwa upasuaji, akapona. Swali moja, picha moja, jibu moja. Hana hata bahasha ya kuonyesha. Ndiyo maana barazani hakuna anayemuuliza shangazi habari za afya.

Ukiwa kiongozi wa nchi, ngazi unaweza kuinunua yote kwa mkupuo. Mwaka 2015 serikali ya Kenya iliingia mkataba wa kukodi mashine kwa ajili ya hospitali 98, mkataba wa mabilioni 38 ya shilingi, na baadaye Seneti ikaunda kamati kuuliza, pamoja na mengine, kwa nini baadhi zilikuwa bado ndani ya makasha yake. Mashine iliyo ndani ya kasha ina sifa moja nzuri: haijawahi kumtia mtu hofu.

Sasa ripoti. Inakuja kwa Kizungu, na kila neno lina urefu wa treni ya mizigo. Usimwombe daktari akueleze. Tafuta mpwa, au mtoto wa ndugu aliyemaliza kidato cha nne. Mimi ndiye niliyeitwa. Nikamtafsiria ami kadiri nilivyoweza: diski zimekauka, moja imetokeza kidogo kwa upande, viungo vya pingili vina uchakavu.

"Uchakavu? Kwani mie gari?"

Hapo nilitaka kumwambia jambo, nikameza. Nawaambia ninyi, ila lisifike Kuze. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa tayari na diski zilizochakaa. Kwa wenye 60 ni 88, kwa wenye 80 ni 96. Diski zilizotokeza zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao wa miaka 20 na 84 ya wazee wa 80. Na hao wote, nasema tena, walikuwa wazima, wanachota maji. Mtu wa umri wa ami akipigwa MRI asikutwe na uchakavu, huyo ndiye wa kuandikiwa ripoti.

Tazama mbuyu tunaouegemea. Una tundu anakoweza kulala mbuzi, umepasuka, una vidonda vya watu waliochonga majina yao, kwa ndani sijui kama kuna mbao hata kidogo. Ukiupiga MRI ripoti itajaa kurasa tano. Na kila Idi watoto wanauparamia.

Lakini mwongozo huu ni wa kukusaidia wewe, si kukutuliza, kwa hiyo nakushauri upige picha vituo vingi iwezekanavyo. Kuna jaribio lilichapishwa Marekani mwaka 2017: mwanamke mmoja wa miaka 63 mwenye maumivu ya kiuno na mguu alipelekwa MRI kwenye vituo 10 tofauti ndani ya wiki tatu. Ripoti 10 zikatoa kasoro 49 mbalimbali, na hakuna hata moja iliyotajwa katika zote 10. Fikiria utajiri huo! Kwa mgongo mmoja, kasoro 49! Ami kwa vituo vyake ana saba tu, na hulala hana amani akifikiria alizokosa.

Ukishapata ripoti, iamini kupita mwili wako. Hili ndilo kiini. Ami, kabla ya picha, alikuwa na maumivu yaliyokuwa yakipungua. Wiki ya pili alishaanza kwenda sokoni Marikiti kwa miguu. Baada ya kusomewa kwamba diski imetokeza, akaanza kutembea kama aliyebeba sinia ya mayai. Mtungi haugusi, sawa, lakini na jamvi halikunji, kiatu hakifungi, mjukuu hambebi. Anakaa. Na mgongo, kwa kuwa haujasoma ripoti, unajua tu kwamba umeachwa ukakaa, ukakakamaa, ukaanza kuuma kwa kukaa. Akaona: si nilisema! Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwahi kumpa dawa moja, atembee kila jioni kutoka mnara wa taa hadi karibu na feri na kurudi, aongeze mwendo kidogo kidogo. Ami alimuuliza kama ameiona picha. Akajibu ameiona. "Basi waniua," akasema ami, akaondoka.

Kuna watu ambao picha huwaongoza hadi kwenye nafuu, nisije nikadhulumu fani za watu: daktari anayedunga sindano ya dawa pembeni mwa mshipa wa fahamu huiongoza kwa picha ili isipotee, na mpasuaji hagusi uti wa mgongo kabla hajaona MRI. Hao wanakwenda kwenye picha wakijua wanatafuta nini. Sisi tunakwenda kama wavuvi wa usiku wasio na taa wala chambo, chochote kitakachonasa ni samaki.

La mwisho ni bahasha. Chagua filamu, usikubali CD. CD haina wa kuionyesha, nyumba nzima siku hizi haina cha kuichezea, na barazani huwezi kuiinua ikaonekana kitu zaidi ya uso wako. Filamu inataka anga tu. Bahasha ya kaki, kubwa, iwe inachungulia kwapani, isikunjwe. Mama Ngina imepata sura mpya tangu ilipofunguliwa upya mwaka 2019, benchi ni nyingi, upepo ni mzuri, na saa kumi na moja jua likiwa nyuma yako anga la baharini linakuwa jeupe kuliko taa yoyote ya hospitali.

Jioni ile ya Ijumaa ami alizitoa zote nne. Ya MRI akaiinua juu, vipicha vidogo vidogo vimejipanga safu kama madirisha ya meli. Muuza mihogo, kijana ambaye ana kibanda hapo karibu na mbuyu, akaja na karai lake mkononi kwa sababu hapakuwa na mteja mwingine. Akafuta vidole kwenye aproni.

"Ami, hebu nipa nione."

Akapewa. Akaitazama kwa kujikunyata, jicho moja amefumba, kama anayepima kina cha maji. Ami akamwonyesha kwa ncha ya bakora: hapa, diski ya nne, imetokeza, imeelekea kulia, ndiyo inayoniua. Mimi nikathibitisha kwamba ripoti imeandika hivyo hivyo, kulia.

"Na wewe wauma wapi?"

Ami akafungua mdomo, kisha akaweka mkono kiunoni, taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Akaupeleka chini hadi kwenye nyonga. Ulikuwa mkono wa kushoto.

Tukanyamaza. Meli moja ilikuwa ikiingia, ndefu, imejaa makontena mpaka juu, na ami aliyekuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini miaka yake yote hakuihesabu. Ilipita nzima. Nilifikiri sasa atasema kitu juu ya yule binti wa kinyundo, aliyekuwa amemuuliza swali hilo hilo kabla ya mashine zote.

Muuza mihogo akaitazama tena filamu, akamtazama ami, akatazama mkono ulioko nyongani. Halafu akaipindua filamu, nyuma ikawa mbele, akaiinua upya dhidi ya anga. Herufi R iliyokuwa pembeni ikasimama kinyumenyume.

"Haya," akasema. "Sasa yaja kushoto."

Ami akashusha pumzi, akarudisha bakora chini. "Nilijua hawa watu wameichapa vibaya. Tutilie mihogo ya hamsini, na pilipili usifanye uchoyo."